Njia ya Mtu Mmoja

Kusini mwa Ujiji, kando ya ziwa, mtu mzima hatembei kwa miguu bila sababu inayoeleweka. Anakwenda shambani, anampeleka mtoto zahanati, anafuata deni lake. Wakitokea wawili, mume na mke, umri umeshasogea, kila mmoja na mkoba mgongoni, wala hawana kuku wala gunia, sababu inayobaki ni moja. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Poleni," alitusalimu kijana mmoja kwenye kivuko cha Ilagala. "Nani amefariki?"

Hakuna aliyefariki. Harusi, basi? Hakuna harusi. Alitutazama mikoba, akatazama viatu vyetu, akauliza kwa upole wa mtu asiyetaka kuaibisha wakubwa: "Kwani mnauza nini?"

Swali hilo, kwa sura mbalimbali, lilitusindikiza kutoka Ilagala hadi Sunuka. Jibu la mume wangu, kwamba tunatembea tu, halikumridhisha mtu hata mmoja, na sioni kwa nini lingewaridhisha. Mapumziko ya wawili ufukweni ni biashara inayotangazwa sana siku hizi, na picha zake zote ni ndugu: mchanga, maji, mume na mke wameipa kamera mgongo, na hakuna binadamu mwingine hata kwa mbali. Kinachouzwa pale ni ukiwa. Sisi nasi tuliununua kidogo. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa ameondoka kwenda chuo Dodoma, nyumba ya Ujiji imebaki na vyumba vingi kuliko watu, na shoga yangu mmoja alitushauri tutafute mahali pasipo na mtu, tukajuane upya. Ushauri ulikuwa mwema. Nusu yake haikuwa kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Ilagala iko wilaya ya Uvinza, pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Mto huo hufika pale umechoka. Umeanzia upande wa mpaka wa Burundi, umezunguka nyanda za magharibi, umepita mabwawa makubwa ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 yalikuwa eneo oevu la kwanza la Tanzania kuandikishwa katika Mkataba wa Ramsar, kisha umepita Uvinza, ambako chumvi imechemshwa kutoka kwenye chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wataalamu wa miamba wanasema mto huu ni mkongwe kuliko ziwa: ulikuwa ukitiririka kwenda magharibi kujiunga na Kongo kabla ardhi haijapasuka na maji kujaa katika ufa. Hata leo Malagarasi ina aina za samaki ambao ndugu zao wako Kongo, ng'ambo ya ziwa, na ziwani kwenyewe hawamo.

Tulikwenda mwezi wa pili, zile wiki chache ambazo mvua hupumua. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya matope, na ukisimama kwenye kivuko unaona vichaka vya matete vikipita vyenyewe kuelekea ziwani. Wenyeji wanakwambia usinawe uso kizembe, maana mamba hana taarifa. Nyuma yetu, upande wa Ilagala, moshi wa mapipa ya mawese ulikuwa umelala juu ya mashamba. Kigoma ndiyo nyumbani kwa mchikichi katika Tanzania. Tangu 2018 serikali imekuwa ikihimiza zao hili, na miche ya kisasa inazalishwa kituo cha utafiti cha Kihinga, lakini harufu yenyewe, ile nzito ya chikichi zinazochemka, ni ya zamani kuliko kampeni yoyote. Ng'ambo ni Kajeje. Kutoka hapo barabara inashika njia yake kuelekea kusini, na sisi tukashika ufuko.

Ufuko ule si mtupu kihistoria pia. Mtu anayedhani amegundua njia ajue imeshakanyagwa. Mwishoni mwa Desemba 1871, wiki chache baada ya kukutana Ujiji, David Livingstone na Henry Morton Stanley waliondoka mjini kwa mitumbwi, wakashuka kusini kandokando ya ufuko huuhuu. Stanley alikuwa amelipishwa hongo nyingi na watawala wa Uha wakati wa kuja, hakutaka kurudia, kwa hiyo wakachagua kuzunguka kwa ziwa hadi kusini mwa Malagarasi, kisha wakate kuingia bara kuelekea Tabora. Wakubwa wawili walikaa mtumbwini. Watu wao walitembea ufukweni, na kwenye mdomo wa mto mitumbwi ikawavusha. Vitabu vinakumbuka urafiki wa wale wawili. Waliotembea hawana kitabu, ingawa wawili kati ya watumishi wa Livingstone, Abdullah Susi na James Chuma, miaka michache baadaye walikuwa katika msafara uliobeba maiti yake kutoka bara hadi Bagamoyo, kwa miguu.

Na hao walikuwa huru. Ujiji ilikuwa kichwa cha njia ya misafara ya pembe na watumwa, na maelfu waliovushwa kutoka Manyema walianza pale safari ya kwenda pwani wakiwa wamefungwa pamoja. Wajukuu wa waliosalia ndio majirani zetu mjini. Karibu zaidi na sisi, Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walibanwa kwenye kipande cha mchanga cha Kagunga, kaskazini mwa Gombe, mlima nyuma na maji mbele. Kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba, ile iliyojengwa na Wajerumani, ikazamishwa na wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa na kurudi kazini 1927, ndiyo iliyokwenda kuwachukua, safari baada ya safari. Mpiga picha wa hoteli akifika Kagunga leo ataona mchanga, mlima na maji ya kioo.

Sisemi haya ili kumharibia mtu matembezi yake. Nasema kwamba kutembea kwa hiari, bila mzigo wa mtu mwingine kichwani, bila bunduki nyuma, ni anasa mpya kwenye ufuko huu, na swali la yule kijana wa kivukoni lina mizizi yake. Watu wa hapa wamejua sababu nyingi za kutembea, na chache zilikuwa za furaha.

Njia yenyewe hufuata ufuko mahali ufuko unaporuhusu. Penye mchanga unatembea karibu na maji, ambapo pamekaza. Penye changarawe mguu unazama na nyonga zinalalamika. Penye mawe, pale mlima unapoingia ziwani bila kuaga, njia inapanda kwenye miyombo, inapita mashamba ya mihogo, inashuka tena upande wa pili. Kuna mahali pia njia ya zamani imezama. Ziwa limepanda sana miaka ya karibuni, hata Kigoma mjini maji yaliingia Kibirizi na Katonga, na kusini huku unaona michikichi imesimama ndani ya maji, imekauka vichwa. Ziwa hili halijawahi kutulia mahali pamoja. Lilikuwa juu zaidi enzi za Livingstone, kisha Mto Lukuga, upande wa Kongo, ukazibua kizuizi cha mchanga na matope, na maji yakashuka. Ndiyo maana mnara wa kumbukumbu pale Ujiji, mahali palipokuwa jirani na maji mwaka 1871, leo uko mbali na ufuko.

Lakini jambo la njia ile lililonishughulisha ni upana wake. Ni njia ya mtu mmoja. Imechongwa na miguu inayofuatana, na nyasi za kando zimekaa tayari kukupiga magotini ukijaribu kutoka. Wawili hawawezi kwenda bega kwa bega. Kwa hiyo mimi nilitangulia, yeye akafuata kwa sababu ya goti lake, na kwa karibu siku nzima mume wangu aliongea na kisogo changu.

Nyumbani tunaketi tukitazamana, au tukiitazama televisheni, na mambo mengine hayasemeki kwa sababu uso wa mwenzio unayajibu kabla hayajaisha kusemwa. Nikikunja kipaji yeye hunyamaza. Akitazama saa mimi hubadilisha mazungumzo. Njiani hakukuwa na uso. Kulikuwa na sauti na hatua, na jibu lilipochelewa hukujua kama amekasirika au anaruka jiwe. Tulipokuwa tukishuka kilima cha kwanza alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Jioni huwa siendi barazani."

Tangu astaafu reli, kila siku baada ya Alasiri alikuwa akitoka, nami nilijua anakwenda kucheza bao.

"Unakwenda wapi?"

"Stesheni."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia wanaoshuka."

Nikaendelea kutembea. Kigoma ni mwisho wa reli, na wanaoshuka wote wamefika. Hakuna anayebaki behewani kwenda mbele. Mume wangu alikuwa amefanya kazi pale ujana wake wote, na sasa alikuwa anavaa shati safi, anapanda daladala kutoka Ujiji na kusimama ukutani kutazama watu wakipokelewa. Angeniambia sebuleni, ningemhurumia, na huruma yangu ingemfunga mdomo. Kilimani nilichoweza kumpa ni mgongo wangu wenye mkoba. Nami kwa zamu yangu nikasema yangu: kwamba tangu mtoto aondoke nimekuwa nikipika kipimo kilekile cha watu wengi, na kinachobaki nampelekea jirani kwa siri, ili yeye asione kwamba sijui kupikia watu wawili. Nyuma yangu kimya. Kisha akacheka, kicheko kirefu, akasema jirani alikwisha kumshukuru zamani.

Hapo ushauri wa shoga yangu ulikuwa sahihi. Kulihitajika kutoka nyumbani, na kulihitajika sehemu zisizo na mtu: ile saa ya kupanda miyombo ambapo unasikia kunguru na pumzi yako tu, na ziwa linaonekana chini kupitia matawi, buluu isiyo na ukingo isipokuwa milima ya Kongo siku ikiwa safi. Kama safari ingekuwa hiyo tu ningeandika sifa za faragha na kufunga kalamu.

Ila tulikuwa tumechagua mwezi mpevu. Tulifanya hivyo kwa sababu ambazo wapenzi wote huchagulia mwezi mpevu, na hapo tukakutana na sheria ya ziwa. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni za betri na sola. Taa huvuta viumbe wadogo wa majini, dagaa huwafuata hao, na migebuka huwafuata dagaa. Mwezi ukijaa, nuru imeenea ziwa zima, taa ya mvuvi haina la kuvuta. Basi usiku wa giza ufuko huwa mtupu na ziwa lina taa kama mji, na usiku wa mbalamwezi ziwa huwa tupu na ufuko una watu. Tuliufuata mwezi ili tuwe peke yetu, tukaingia Sunuka usiku ule ambao kila mwanamume wa kijiji yuko nyumbani, nyavu zimetandazwa, watoto wako mchangani, na redio inaimba kwenye kila kibanda.

Tulipokelewa na mwanafunzi wangu wa zamani, naye sasa ni mwalimu. "Shikamoo mwalimu," alisema, akanipokea mkoba, na kabla sijavua viatu safari yetu ya wawili ilikuwa imekwisha kugawanywa. Mume wangu aliwekewa kiti nje, chini ya mwembe, pamoja na wazee na wavuvi. Mimi nikaingia jikoni na mama mwenye nyumba, dada zake na kina mama wa jirani waliokuja kuona mwalimu wa mume wa mwenzao. Watu waliosafiri kwenda kuwa pamoja walipitisha jioni wakiwa wametenganishwa na ukuta wa matofali mabichi.

Ukuta ule ulikuwa na dirisha lisilo na kioo. Nilikuwa nakoroga ugali wa muhogo niliposikia nje wananiulizia mimi: huyu mama ni mwalimu wa wapi, mlikutana wapi? Na mume wangu, asiye msemaji, akawasimulia. Alisema mwaka tuliooana nilitoka Tabora kwa treni nikiwa nimesimama usiku kucha, kwa sababu yeye, mtu wa reli, hakuweza kunipatia nafasi. Alisema nilishuka Kigoma na gunia moja, akadhani ni nguo, akalibeba begani, kumbe ni vitabu, na akaona haya kulitua kabla ya kufika nyumbani. Alilieleza lile gunia uzito wake, kona zake, mahali lilipomchoma. Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Basi hapo ungejua umeoa nini."

Mimi lile gunia nilikuwa nimelisahau. Sijui kama ningelisikia tena maishani kama tungekuwa wawili tu kwenye hema, tukitazamana machoni kama tulivyoshauriwa. Mume hamsimulii mkewe habari ambazo mke alikuwepo. Humsimulia mgeni, na ni lazima mgeni awepo, aulize. Nami jikoni, nikiulizwa na wale wanawake kama mzee yule ni mkorofi, nilijikuta nawaambia mambo mema ambayo nina hakika sijawahi kumwambia mwenyewe. Sijui kama dirisha lilifanya kazi pande zote mbili. Sikumuuliza.

Chakula kilipokuwa tayari kilikuwa kuhe, amepikwa kwa mawese, kipande kinene cheupe kisicho na miiba ya kuogopesha. Mzee mmoja mvuvi alimsifu yule samaki kama mtu anavyomsifu jamaa yake. Kuhe, alisema, ukimwona mmoja karibu na mawe, usiondoke: mwenzake yupo. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mzee alikuwa sawa. Kuhe ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii yake duniani, jamii ileile ya perege, na ziwa hili lina aina zaidi ya mia mbili za jamii hiyo, karibu zote hazipatikani kwingine. Wengi wao malezi ni ya mmoja: jike hubeba mayai kinywani mwake na dume anakwenda zake. Kuhe hulea wawili. Jike hutaga maelfu ya mayai, kisha yeye na dume husimama juu ya makinda, mmoja huku na mmoja kule, wakifukuza kila anayesogea, na katika muda huo wote hawali. Watafiti wanaamini kwamba wanafanya hivyo mara moja tu maishani. Makinda yakishajitegemea, wazazi wamekwisha.

Nilipoyasoma hayo nilikaa kimya kitambo. Sisi wa umri huu tunafahamu mantiki ya kuhe. Miaka mingi tulisimama mmoja huku na mmoja kule, ada ya shule upande mmoja, malaria upande wa pili, na hatukuwa na nafasi ya kutazamana kwa sababu macho yalikuwa nje. Watoto wakaondoka. Samaki amepewa rehema ya kutokuwa na kesho baada ya hapo. Sisi tumepewa kesho, tena ndefu, na hakuna aliyetufundisha kazi yake. Hivyo ndivyo ushauri wa kujificha wawili unavyozaliwa: tunadhani kwamba kwa kuwa kilichotushughulisha kilikuwa nje, sasa dawa ni kufunga nje na kubaki ndani.

Ukiwa wenyewe, hata huo wa picha, mara nyingi umetengenezwa. Kusini zaidi ya Sunuka, siku ya safari kwa boti, ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, kilomita za mraba 1,613 za msitu unaoporomoka hadi majini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamewafuata sokwe wake tangu 1965. Ni mahali pazuri kupita maneno, na wageni hulipa fedha nyingi kulala kwenye ufuko usio na mtu. Lakini miteremko ile ilikuwa na watu: Watongwe walilima na kuvua pale hadi walipoondolewa kupisha wanyama. Gombe vilevile ilikuwa pori la akiba tangu 1943, kabla ya kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Hata Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025 na ambaye dunia inamkumbuka kama msichana peke yake msituni, hakufika peke yake. Wakoloni walimkataza asikae mwenyewe, na Julai 1960 alishuka Gombe pamoja na mama yake mzazi, Vanne, na mpishi. Mama yule alifungua zahanati ndogo ufukweni, akawatibu wavuvi, na kwa dawa zake ndivyo majirani walivyoanza kumwamini mtoto wake. Sokwe walikuwa mlimani. Kilichomwezesha Jane kukaa kiliandaliwa chini, kwenye mchanga, kati ya watu.

Nimefika mahali pa kusema kitu kuhusu kina, maana ndilo neno ambalo kila mtu hulitumia juu ya ziwa hili na juu ya ndoa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ni ziwa la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Tunajivunia hilo shuleni, na mimi mwenyewe nimelifundisha. Kitu ambacho sikukifundisha kwa uzito wake ni kwamba sehemu kubwa ya kina hicho haina uhai wa samaki. Hewa ya oksijeni hushuka mita 100 hivi upande wa kaskazini, na kama 200 upande wa kusini. Chini ya hapo ni maji baridi yasiyo na pumzi. Dagaa, migebuka, kuhe na kila kilichowahi kuingia katika sufuria za Kigoma huishi katika tabaka jembamba la juu na kwenye mawe ya kandokando, karibu na kelele za watu.

Wala kina si bure. Vyakula vyote vinavyooza huzama kule na kujilimbikiza, na upepo wa kusini unapovuma, Mei hadi Septemba, maji hutikisika, sehemu ya akiba ile hupanda, ziwa hula. Wanasayansi wana wasiwasi kwamba joto la dunia linayafanya maji ya juu kuwa mepesi mno, yasichanganyike vizuri na ya chini, na hiyo ni sababu mojawapo, pamoja na uvuvi uliozidi, ya samaki kupungua. Mwaka 2024 Tanzania ililifunga ziwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na Sunuka bado wanaizungumza miezi ile kama watu wanavyozungumza njaa, ingawa wengine hukiri kwamba walipofunguliwa samaki walikuwepo.

Nikiyaweka haya pamoja na ile jioni ya dirishani, naona tumekuwa tukiielekeza sifa mahali pasipo pake. Tunawaambia wanandoa wazame: wafunge simu, waache watu, washuke pamoja hadi chini kabisa wakaonane. Huko chini kuna akiba, sikatai, na kile kilima cha miyombo kilitikisa kitu kilichokuwa kimetuama muda mrefu. Lakini hakuna anayeishi huko. Maisha ya watu wawili yako juu, kwenye salamu, kwenye mgeni anayeuliza, kwenye kuhesabiwa pamoja na wengine kwenye sinia. Ndoa zetu tulizifunga mbele ya mashahidi, kisha tukaambiwa kwamba ili zidumu tuwakimbie mashahidi. Nadhani kinyume chake ndicho kilichotusaidia. Tulihitaji kutoka mbele ya mashahidi waliotuzoea, wale wa Ujiji wanaotujua kama baba na mama wa fulani, tukasimame mbele ya wapya ambao ilibidi tuwaeleze sisi ni nani.

Kwa hiyo anayetaka kwenda namshauri hivi. Aende mwezi mpevu, kwa sababu ileile iliyotushangaza sisi. Abebe sukari na sabuni kwa ajili ya mwenyeji, aripoti kwa mwenyekiti wa kijiji, asioge kwenye mdomo wa mto. Mwenye goti bovu akae nyuma. Na akiulizwa anakwenda wapi, asione anachunguzwa. Ajibu vizuri, kwa urefu, mwenzake akisikia.

Jumapili tulirudi kwa boti ya abiria iliyokuwa ikielekea Kigoma, tumebanana kati ya magunia ya dagaa na magodoro, na mume wangu akaanza kuzungumzia Mahale. Anataka twende mwakani, na hema letu wenyewe, sokwe na kila kitu. Anasema amehesabu, pensheni itatosha. Mimi nataka Sunuka tena, nyumba ileile, kwa sababu mama mwenye nyumba ameniahidi kunionyesha jinsi anavyokamua mawese, na kwa sababu kuna mzee mmoja wa pale ambaye hajamaliza kumhoji mume wangu. Yeye anasema Sunuka tumeshaiona. Mimi nasema Mahale hakuna wa kuniuliza kitu. Tulibishana hadi Kigoma, tukabishana kwenye daladala hadi Ujiji, na mpaka naandika haya hatujaafikiana. Miaka mingi ubishi wetu ulikuwa wa ada, wa viatu vya shule, wa mtoto yupi apelekwe wapi. Huu ni wa kwetu wenyewe, na sina haraka ya kuumaliza.